Mvua ya Januari

Shosho wangu huniita "mume wangu". Kwetu Embu mvulana wa kwanza hupewa jina la babake baba, kwa hivyo mimi ni mume wake wa pili, yule ambaye hajamjengea hata choo. Akiwa na furaha huniuliza, mume wangu, umeniletea nini kutoka Nairobi? Akikasirika huniita kwa jina langu la kanisani. Mwezi wa Aprili 2020 aliniita kwa jina la kanisani wiki tatu mfululizo, na kisa kilikuwa soya.

Mambo yenyewe ni mafupi. Shosho alikuwa mweka mbegu wa chama chao, akina mama tisa wa upande wa Runyenjes. Kila mwaka alitenga debe mbili za soya safi, akazihifadhi, na mvua ya Machi ikikaribia akawagawia wenzake kwa gorogoro. Mwaka ule akagawa kama kawaida. Wakapanda. Mvua ikanyesha vizuri sana. Siku ya kumi mashamba tisa yalikuwa na mistari mirefu ya udongo mwekundu mtupu, na hapa na pale kamche kamoja kamepinda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo. Tulifukua tukakuta mbegu zimeoza, laini, zikinuka kama maziwa yaliyosahaulika.

Shosho hakusubiri aulizwe. Aliuza mtamba wake akawalipa wenzake, kila mmoja thamani ya mbegu na ya kibarua cha kulima. Mtamba ule ulikuwa karo yangu ya mwaka wa tatu. Sisemi niliacha chuo kwa sababu ya soya. Kulikuwa na korona, kulikuwa na uvivu wangu, kulikuwa na mambo mengine ambayo si ya kuandika hapa. Lakini mtamba ulikuwa hesabu, na hesabu ilipotoka sikurudi.

Kilichonifanya nianze kusoma historia ya mmea ambao hata siupendi ni kwamba kuna jambo nililijua nikanyamaza. Nitalifikia.

Tuanze na mlima. Ukisimama Runyenjes asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Kenya uko kaskazini-magharibi, na mashamba yote yanateremka kuuacha. Juu kabisa ni msitu, halafu chai, halafu kahawa, halafu mahindi na maharagwe, halafu unashuka hadi Ishiara na Kiritiri ambako jua linachoma na watu wanapanda mtama, ndengu, na siku hizi muguka. Meru ni vivyo hivyo: toka chai ya juu ya Nkubu hadi joto la Mitunguu ni safari fupi ya matatu, na ukishuka unavua sweta njiani. Kwenye kituo cha utafiti wa kilimo Embu mjini, mwinuko wa kama mita 1,500, mvua ya mwaka ni kama milimita 1,200, na inakuja mara mbili: ile ndefu kuanzia Machi hadi Mei, na ile fupi kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Agosti kuna baridi na manyunyu yasiyo mvua wala jua, yale ya nguo kukaa kambani siku tatu. Januari na Februari ni jua kavu. Hiyo ndiyo kanuni. Shosho alizaliwa ndani ya kanuni hiyo, na mbegu zake zote zilipangwa kuifuata.

Soya haikuzaliwa ndani yake. Soya ni mgeni, na mgeni wa juzi. Mwaka wa 1906 Waingereza waliivamia Embu kwa bunduki. Mwaka wa 1908 ofisa wao, Edward Horne, akafika Meru kuanzisha kituo. Wenyeji wakamwita Kangangi. Karibu wakati huo huo, mbali kabisa na huku, kampuni ya Mitsui ya Japani ilikuwa inapeleka shehena za soya ya Manchuria kwenye viwanda vya kukamua mafuta Uingereza. Viwanda vikaipenda. Na mzungu wa enzi zile akipenda kitu alikuwa na swali moja tu: je, makoloni yanaweza kukikuza? Wajerumani walikuwa tayari wameijaribu soya Amani, kule milima ya Usambara, mwaka wa 1907. Muda si muda mbegu hiyo ilikuwa inajaribiwa Uganda na Kenya pia, kwenye viwanja vidogo vya serikali.

Majaribio hayo yote yaliuliza kama mmea utakua. Mmea ulikua. Soya haina shida ya kukua huku. Shida yake huanza ikishakomaa, wakati ambapo mtafiti ameshaandika mavuno kwenye daftari na kurudi ofisini.

Watu wa huku walikuwa na jamii zao za kunde muda mrefu. Kulikuwa na njahi, kulikuwa na mbaazi, kulikuwa na kunde zenyewe. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika mwaka wa 1997 kuhusu maharagwe, wanawake na ukoloni nchini Kenya, na nilipomsoma niliwaona akina mama wa chama cha shosho humo. Hoja yake, kwa lugha yangu, ni kwamba serikali ya kikoloni iliingilia sufuria: ikasukuma maharagwe ya kuuza nje, na zile aina nyingi ambazo wanawake walikuwa wakizitunza, njahi ikiwa mbele, zikarudi nyuma. Zilipopungua aina, ulipungua pia ujuzi wa nani anaweka mbegu gani, wapi, na ya msimu upi.

Kitabu kingine kilichonishika ni cha Charles Ambler, cha 1988, kuhusu jamii za Kenya ya kati karne ya kumi na tisa. Anaeleza jinsi watu wa milimani na watu wa nyanda kavu walivyotegemeana: huku kukiwa na njaa kule kuna chakula, mbuzi wanapanda, nafaka inashuka, ndoa zinafuata njia hiyo hiyo. Mimi niliongeza kichwani kitu ambacho kila mtu wa kwetu anakijua bila kitabu. Mwanamke akiolewa mahali pa joto, au pa baridi, anakwenda na mbegu, na nduguze wakiishiwa wanamfuata. Tata yangu, dadake baba, aliolewa Mitunguu. Mshike huyo, tutarudi kwake.

Kutoka miaka ya 1930 Meru na Embu zilipata kahawa, mojawapo ya sehemu za kwanza ambako Mwafrika wa Kenya aliruhusiwa kuipanda. Halafu ikaja hali ya hatari ya 1952, vijiji vya lazima, na mpango wa Swynnerton wa 1954 uliopima mashamba na kuongeza kahawa. Baada ya uhuru kikaja kisa cha mahindi chotara. Kituo cha Embu ndicho kilichozaa H511, mbegu ya mwinuko wa kati, na kwa kizazi kizima neno "mbegu" kwa watu wetu likawa na maana ya pakiti ya dukani. Mahindi chotara ukirudia mbegu yake yanakuadhibu, kwa hivyo unanunua kila msimu, na kampuni ina sababu ya kukutunzia ubora.

Soya haiko hivyo. Ua lake linajichavusha lenyewe. Mbegu uliyovuna ni sawa na uliyopanda, kizazi hadi kizazi, kwa hivyo mkulima ananunua mara moja na basi. Hakuna kampuni inayokimbilia biashara kama hiyo. Mbegu iliyothibitishwa ipo, na KEPHIS, ile taasisi ya serikali inayokagua mbegu tangu 1996, ina kazi hiyo pia, lakini nenda kwenye agrovet ya sokoni mwezi wa Machi uulize soya uone utakavyotazamwa. Matokeo yake, kazi ya kutunza ubora imebaki kwa mtu kama shosho, na debe, na dari ya jikoni.

Mwaka wa 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na mashamba ya kwetu yakaanza kutafuta mchumba mpya. Wengine walikwenda kwa makadamia, wengine ng'ombe wa maziwa, wa chini wakaenda kwa muguka. Na soya ikarudi, ikisukumwa na watu wa lishe, makanisa na maafisa wa kilimo: protini ya maskini, asilimia 40 ya punje. Shosho aliipokea kupitia kanisa. Hakuipika kama maharagwe, haiivi, inamaliza kuni. Aliikaanga, akaisaga, akainywa kama kahawa, na nyingine akauza kwa watu wa chakula cha kuku. Baadaye, katikati ya miaka ya 2000, zikaja aina mpya kutoka taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, zilizoletwa na watafiti wa rutuba ya udongo wa TSBF waliokuwa Nairobi. Zilikuja na majina ya namba, SB19 na ndugu zake.

Namba hizo zina historia tamu ambayo hakuna aliyetuambia. Watu wa Ibadan walipoanza kuzalisha soya kwa ajili ya Afrika, waligundua kwamba aina za Marekani zinazaa vizuri lakini mbegu zake zinakufa haraka kwenye joto na unyevu. Aina ndogo ndogo kutoka Indonesia zilidumu zaidi. Wakachanganya. Kwa hivyo punje ya SB19 ikiwa ndogo si kasoro. Wafanyabiashara wa kwetu waliipunguzia bei kwa udogo huo, na wakulima wengine wakachagua punje kubwa kubwa za kuweka mbegu, yaani wakachagua kinyume.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Nilisoma kilimo chuoni kwa miaka miwili. Kozi ya mbegu ilikuwa saa nane mchana, saa ya kusinzia, na mhadhiri alikuwa mzee mpole aliyebeba mbegu mfukoni kama wengine wanavyobeba karanga. Siku moja alitupa kila mtu punje ya soya na punje ya haragwe, akatuambia tukwaruze ganda kwa ukucha. La soya lilitoka kama karatasi. Chini yake, palepale ukingoni, kuna kijimzizi kichanga, kimelala bila kinga nyingine yoyote. Hapo ndipo mbegu inapoishi, akasema, na hapo ndipo mvua inapoingia.

Maelezo yake, ninavyoyakumbuka na kuyahakikisha baadaye, ni haya. Soya inapokomaa kabisa ndani ya ganda, punje bado ina maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Siku hiyo ndiyo siku yake bora maishani. Haitakuwa na nguvu kuliko hapo tena. Lakini huwezi kuivuna, ni laini, ukiipura unaisaga. Lazima ikae shambani siku kadhaa, au wiki mbili na zaidi, ikauke hadi asilimia kama 14. Katika siku hizo mmea umeshafunga kazi, majani yamedondoka, na shamba ni ghala lisilo na paa.

Jua likiwaka, ghala hilo linafaa. Mvua ikinyesha, punje inanyonya maji na kuvimba. Jua likitoka mchana inanywea. Kesho inavimba tena. Ganda jembamba haliwezi mchezo huo, linakunjamana, linachanika mahali usipopaona. Punje iliyolowa inaanza kupumua, inakula akiba yake. Kuvu wa jamii ya Phomopsis, ambao walikuwa wamelala kwenye ganda la nje tangu zamani, wanapata njia. Joto likiwa juu, mambo yanakwenda mbio. Kule Kentucky, Marekani, TeKrony, Egli na Phillips walichapisha mwaka wa 1980 kazi iliyoonyesha kitu cha kutisha kidogo: mbegu iliyopigwa na hali ya hewa shambani hupoteza nguvu kabla ya kupoteza uhai. Yaani ukiiotesha mahali pazuri, kwenye karatasi yenye unyevu na joto la wastani, inaota. Unafurahi. Ukiipeleka shambani kwenye udongo wa baridi au ulioganda juu baada ya mvua kubwa, haitoki.

Sasa weka hayo kwenye kalenda ya Embu. Soya iliyopandwa Machi inakomaa Julai na Agosti, katikati ya manyunyu, na ikivunwa inangoja hadi Oktoba. Hiyo ni ya kula. Soya iliyopandwa Oktoba inakomaa mwisho wa Januari na Februari, jua kali, makavu yanapasuka yenyewe, na inakaa kwenye debe mwezi mmoja au miwili tu kabla ya kurudi ardhini. Hiyo ndiyo ya mbegu. Shosho alikuwa amegundua hilo peke yake, bila Kentucky. Alikuwa na kanuni: mbegu ni ya Februari, ya Agosti ni ya sufuria. Nilipomuuliza alijuaje, alinitazama kama ambaye ameuliza maji yanalowesha kwa nini.

Kanuni yake ilivunjwa mara mbili anazozikumbuka. Ya kwanza ni El Niño. Mvua iliyoanza Oktoba 1997 haikuisha Desemba. Iliingia Januari, ikaingia Februari 1998, madaraja yakaenda. Shosho alikuwa ndiyo ameanza soya, alikuwa na kipande kidogo tu, na mbegu ilipokataa kuota alisema ni mwaka mbaya, akaazima kwa tata kule Mitunguu. Hakuna aliyeuza mtamba.

Ya pili ni 2019. Wanaokumbuka Oktoba ile watakumbuka pia Novemba, maporomoko ya West Pokot, barabara zilizokatika. Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa imepata joto kupita kawaida, upande wa Indonesia imepoa, na mawingu yakahamia kwetu. Kwa shosho ilikuwa baraka. Soya ilifika kiunoni. Alipanda mapema, mvua ilipoanza tu, na kufikia katikati ya Januari majani yalikuwa yamedondoka na makavu yamekuwa ya kahawia. Mimi nilikuwa nyumbani likizoni. Tukangoja jua, likaja mvua. Asubuhi jua, alasiri mvua. Wiki moja, mbili. Kisha tukasikia nzige wameingia, wako Isiolo, wako Meru, wanashuka, na watu wakaanza kuvuna chochote kilichosimama. Hata sisi. Tuliing'oa soya ikiwa nusu mbichi, tukaianika juu ya turubai, tukaifunika kila mawingu yalipokusanyika, tukaifunua, na Februari jua lilipotoka kidogo nikaipura mimi kwa fimbo.

Niliziona. Ziliruka kutoka kwenye makavu, na kati ya punje laini za manjano kulikuwa na nyingi zilizokunjamana upande mmoja, kama ngozi ya kidole kilichokaa kwenye maji. Nyingine zilikuwa na doa la zambarau. Nikakumbuka ukucha wangu, saa nane mchana, na yule mzee. Nilijua. Sikujua kwa uhakika wa mtaalamu, lakini nilijua vya kutosha kusema, shosho, tusizigawe hizi kabla hatujaotesha mia moja kwenye kitambaa. Ni kazi ya wiki moja na kitambaa kilicholowa.

Sikusema. Sababu ni ndogo na ya aibu: nilikuwa mvulana wa chuo aliyekuwa amefeli somo hilo hilo, na shosho alikuwa na zaidi ya miaka ishirini ya soya na miaka sitini ya mbegu. Nilimtazama akichukua punje akaiuma. Ndivyo anavyopima maharagwe. Haragwe lenye maji jino linazama, lililokauka linalia. Akatingisha debe, akasikiliza. Ilikauka, ikalia vizuri. Kipimo chake kilikuwa sahihi kabisa kwa swali la kama mbegu imekauka. Swali la kama imekufa ni swali jingine, na maharagwe hayakuwahi kumlazimisha ayatenganishe.

Sioni kama shosho alikosa. Kipimo cha jino kilitengenezwa na watu waliotunza njahi na kunde kwa vizazi vingi. Soya ilikuja na sifa zake zote za protini, ikaja na vikombe vya bure vya kuonja kanisani, lakini haikuja na kipimo chake. Miaka mia moja na kitu, kutoka Amani hadi kwa chama cha Runyenjes, kila aliyeileta alileta punje. Wataalamu walijua kuhusu mvua na ganda jembamba, waliandika, wakasomana. Maarifa yaliishia kwenye majarida, na kwenye darasa la saa nane.

Na si soya pekee iliyotufundisha hili kwa ukali. Mwaka wa 2004, majirani zetu wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika walikula mahindi yenye sumukuvu. Walioorodheshwa wagonjwa walikuwa 317, na 125 wakafa. Kati ya yaliyosababisha, mvua isiyo ya wakati wake iliwakuta watu na mavuno, na mahindi yakawekwa ndani yakiwa na unyevu. Baada ya hapo kila chifu alihubiri kukausha. Tukajifunza kuuliza kama kimekauka. Tena swali hilo hilo moja.

Turudi kwa tata. Mitunguu iko chini, joto, na watu wanamwagilia. Soya yake inawahi kukomaa wiki kadhaa kabla ya ya shosho, na inakauka upesi. Si kwamba kule ni peponi. Joto likizidi nyuzi 30 wakati punje zinajaza, mbegu inatoka dhaifu hata kama mvua haikuigusa, na maji yakikosekana inatoka ndogo na ngumu, mingine ngumu hadi hainywi maji. Mwaka wa 2020 hata kwake kulinyesha. Lakini yake ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba kabla ya ile wiki mbaya. Ndugu wawili, mlima mmoja, mwinuko tofauti, na tofauti hiyo ya siku chache ndiyo ilikuwa mtamba.

Nikiwa na uwezo wa kuamrisha wizara ningeanzia hapo. Tungechora ramani ya mlima kwa swali la wapi soya inakomaa kwenye jua, mwinuko upi, tarehe zipi, halafu watu wa huko wakawa ndio watunza mbegu wa wale wa juu, kwa malipo, kama ambavyo watu wa nyanda kavu na wa milimani walivyokuwa wakibadilishana kabla ya Kangangi. Wataalamu wataniambia kuna sheria za mbegu, kuna vyeti. Najua. Faini ya kuuza mbegu isiyothibitishwa nchini Kenya mwaka wa 2020 haikuwa mchezo, na chama cha shosho kwa kugawana gorogoro kilikuwa kinakaribia mpaka ambao hakijui upo. Hilo ni gumzo la siku nyingine, nami nina hasira nalo, kwa hivyo niliache.

Mimi na shosho tulizungumza jambo hili kwa uwazi mwaka jana tu. Tulikuwa tunamenya viazi. Nikamwambia, shosho, mwaka wa korona niliziona zile mbegu zimekunjamana, na nilikuwa nimefundishwa maana yake. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akachukua kingine.

"Ulifikiri nitakupiga?"

"Hapana, shosho. Nilifikiri utasema najifanya msomi."

"Ningesema hivyo," akasema. "Halafu ningelowesha kitambaa."

Februari hii mvua haikutusumbua, lakini mawingu yalikaa siku nne tukaingiwa na wasiwasi. Tata alituma gorogoro mbili kwa matatu ya Embu, zimefungwa kwenye leso, na dereva akadai nauli ya mtu mzima. Tukachukua punje mia kutoka kwa leso ya tata na mia kutoka kwa debe la shosho. Tukazipanga kwenye vitambaa viwili vya pamba, tukavikunja, tukaviweka kwenye beseni jikoni, mbali na moto, na shosho akavinyunyizia maji kila jioni baada ya maombi. Nilimwambia kitambaa pekee hakitoshi, kwamba mbegu dhaifu inaweza kudanganya ndani ya beseni, kwa hivyo tukapanda pia mia mia nje kwenye tuta, kina cha vidole viwili, tukamwagilia kwa kopo.

Siku ya nane tulihesabu. Kitambaani, za tata 91, za shosho 84. Tutani, za tata 86. Za shosho 61.

Alihesabu tena yeye mwenyewe, akiinama, akigusa kila mche kwa ncha ya kidole. Alipofika mwisho akanyanyuka, akashika kiuno, akaniuliza kama kuku wanaweza kula soya iliyokaangwa kidogo tu, au ni lazima iive kabisa. Nikamwambia lazima iive.

"Basi hizi zangu ni za kuku," akasema. "Mpigie tata, mume wangu, mwambie aongeze gorogoro sita. Na mwulize dereva huyo kama leso nayo hulipa nauli."